Akina Duvali wa Tabora

Siku za Mwingereza, ukisimama katikati ya soko la Tabora ukaita "Duvali!", vichwa visivyopungua vinne vingegeuka. Kimoja cha fundi mwashi, kimoja cha muuza karanga, kimoja cha mtu wa reli aliyeshuka kutafuta tumbaku, na cha nne cha Bibi Apolinaria, ambaye hakugeuka upesi, maana aliamini mwenye shida naye atamfuata alipo. Ukienda Sikonge ungewakuta akina Duvali warina asali. Nzega walikuwako wenye mashamba ya pamba. Hata Ziba, kwa wafugaji, alikuwako Duvali mmoja aliyeoa Msukuma na kujaza ua mzima watoto wa jina hilo.

Wageni walidhani ni ukoo wa kale wa Kinyamwezi. Karani mmoja wa bomani, kijana wa Tanga, aliwahi kumwuliza Apolinaria huyo mtemi Duvali alitawala wapi.

"Mbali," Apolinaria alimjibu, akaendelea kupanga mishumaa yake.

Hakusema uongo. Jina lilitoka Ufaransa.

Katika miaka ya mwisho ya misafara, kabla Mjerumani hajajenga boma lake, mapadri Wafaransa walikuwa wakiwakomboa watoto kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa waliopita Tabora. Watoto wenye afya hawakuwapata. Hao walisukumwa mbele kwenda pwani. Walioachwa ni wagonjwa wa ndui, wa kuhara, waliovimba miguu, wale ambao mwenye mali aliona watamfia njiani kabla ya Ugogo. Hao ndio waliouzwa kwa mapadri kwa vipande vya kitambaa. Na kule Ufaransa alikuwako mama mmoja mjane, mwenye mali, asiye na mtoto, aliyekuwa akituma sadaka kwa ajili ya kazi hiyo. Aliomba kitu kimoja tu: watoto watakaokombolewa kwa sadaka yake wapewe jina la marehemu mumewe, lisipotee. Watoto saba wakaitwa Duvali. Apolinaria alikuwa mmoja wao, mwenye umri wa miaka sita hivi, aliyefikishwa misheni juu ya machela akiwa hajui usiku wala mchana.

Kila Ijumaa watoto wale walimwombea Bibi Duvali wa Ufaransa. Hawakuwahi kuona picha yake, basi kila mmoja alimtengenezea sura. Benedikta, mkubwa wao, aliapa kuwa ni malkia. Alois alisema anapanda farasi mweupe. Apolinaria hakusema kitu, ila alimpa nyumba ya ghorofa na ufunguo mkubwa kiunoni, na kwa miaka mingi hakumpunguzia hata dirisha moja.

Walipokua, mapadri waliwaozesha. Mahari haikutolewa, kwa kuwa hapakuwa na wa kuipokea: msichana hana baba wala mjomba, na kijana naye hana ng'ombe. Sasa mila ya Unyamwezi inajulikana. Mtoto ambaye baba yake hakutoa mahari ni wa upande wa mama. Kwa hiyo wanaume wa akina Duvali walizaa akina Duvali, maana wake zao hawakuwa na ukoo wa kuwadai watoto, na wanawake wa akina Duvali nao wakazaa akina Duvali, jina likatembea kwa miguu yote miwili wakati majina mengine yanachechemea kwa mmoja. Marko, mume wa Apolinaria, alikuwa seremala aliyekombolewa vilevile, lakini kwa sadaka isiyo na jina. Wanawe wote waliitwa Duvali naye hakununa. "Afadhali wapate la kuitwa," alisema, akarudi kwenye randa yake.

Kisha Benedikta akafa, Wajerumani wakiwa bado wanatawala. Msiba wa Unyamwezi una watu wake: kuna wa kumwosha marehemu, kuna wa kulala matanga, kuna wa kunyolewa vichwa, na kuna watani wa kuja kumkejeli maiti mpaka wafiwa wenyewe wacheke. Kwa Benedikta hakuja mtu. Wanawake wa jirani walichungulia juu ya ua, na mmoja akasema, wala si kwa ubaya, "Wa misheni hana watu. Mapadri watamzika."

Neno lile lilimwingia Apolinaria mwilini kama mwiba wa mgunga. Alimwosha Benedikta kwa mikono yake mwenyewe. Akawaita wale watano waliobaki, wakaketi chini, wakanyolewa. Siku ya kuondoa matanga wakapatana: kuanzia leo sisi ni tumbo moja. Tutazikana. Hatutaoana, wala watoto wetu, wala wajukuu wetu, kama watu wote wenye ukoo wasivyooana. Na hakuna atakayefungua mdomo tena kusema fulani alitoka wapi na aliuzwa na nani.

Wakalishika neno hilo. Akifa Duvali Nzega, wa Sikonge walifunga safari. Akizaliwa Duvali Ziba, habari zilifika Tabora kabla kitovu hakijadondoka. Wakapata hata watani, watu wa mjini waliokuja kwenye misiba yao kuwatukana vizuri kabisa. Mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na tano, watatu tu kati ya wale saba walikuwa bado hai, na mmoja wao, kule Nzega, alikuwa hamtambui tena mtu. Wenye kauli walibaki wawili: Alois wa Sikonge, na Apolinaria, ambaye kauli yake ilikuwa ndiyo sheria.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mgongo ulionyooka kama mlingoti, na kazi yake ilikuwa mishumaa. Wanawe walipokuwa wadogo na Marko amekwisha kufa, alijifunza kwa masista kuyeyusha nta ya Sikonge, kuianika juani juu ya mikeka mpaka iwe nyeupe, na kuchovya tambi za pamba ndani ya debe, tena na tena, mpaka mshumaa unenepe. Mishumaa ya altare ilikuwa yake. Mafundi viatu wa mjini, Waislamu, walinunua kwake nta ya kupaka uzi. Mhindi mwenye duka karibu na stesheni alimwita "Mama Nta" naye aliitikia.

Nta ililetwa na Wenceslaus, mjukuu wa Alois, kwa baiskeli, amefunga mabonge mawili nyuma kwa kamba ya mpira. Kijana mpole, mwenye alama za nyuki mikononi. Akifika, Apolinaria alimwita mjukuu wake Josepha, binti wa mwanawe Sylvester, apime nta, ampe kijana maji, amwonyeshe mahali pa kulala. Josepha alilelewa na bibi yake kwa kuwa mama yake alifariki mapema na Sylvester alikuwa mtia kuni wa gari moshi, leo Mwanza, kesho Kigoma. Apolinaria alikuwa mkali kwa Josepha. Kijana yeyote wa Tabora aliyepita mara mbili mbele ya ua ule aliulizwa amepoteza nini. Lakini Wenceslaus hakuulizwa. Nani anamchunga binti asikae na kaka yake? Waliachwa waanike nta pamoja, wacheke pamoja, waende kisimani pamoja, na Apolinaria akiwa jikoni alifurahi kusikia damu ya akina Duvali inapatana hivyo.

Jumapili ya pili baada ya Pasaka, kanisa limejaa, wanaume kuume na wanawake kushoto, Padri Ambrosi alisimama kusoma matangazo ya ndoa. Huyu alikuwa padri mpya, kijana, ametoka Ufaransa hata mwaka haujaisha, masikio yake bado mekundu kwa jua. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, kisha akasema:

"Wenceslaus Duvali, wa Sikonge, na Josepha Duvali, wa hapa Tabora. Anayejua kizuizi chochote cha ndoa hii anapaswa kukisema."

Kanisa zima likavuma kama mzinga uliopigwa teke. Josepha, kule nyuma kwa wasichana, aliinamisha kichwa. Baba yake ndiye aliyemshauri hivyo. "Nendeni kwa Padri kwanza," Sylvester alisema. "Bibi alisikie kanisani. Humo hawezi kupiga kelele."

Sylvester alikuwa hamjui mama yake. Apolinaria alisimama kwenye benchi la mbele, akatengeneza khanga yake begani, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi:

"Mimi ninakijua kizuizi. Hao ni kaka na dada."

Akaketi, akafungua rozari yake.

Baada ya misa Padri alimwita barazani, akampa kiti. Watu walijifanya wanatafuta kivuli karibu.

"Bibi Apolinaria, babu wa hawa vijana ni mmoja?"

"Ni mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Duvali."

Padri akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekumbuka nyumbani. "Lakini Bibi, kwetu akina Duvali ni wengi mno! Mwoka mikate wetu ni Duvali. Mchimba makaburi ni Duvali. Na yule aliyemwibia mwoka mikate unga, naye Duvali. Hawajuani kabisa. Maana ya jina hilo ni mtu wa bondeni, basi. Zamani kila aliyekaa bondeni aliitwa hivyo, wa bonde hili na wa bonde lile. Wanaoana kila siku."

Miaka hamsini Apolinaria alimtunzia yule mama nyumba yake ya ghorofa, leo kijana mwenye masikio mekundu anambomolea ukuta mmoja baada ya mwingine, na anacheka.

"Wa kwenu ni wa kwenu," alisema mwishowe. "Wa kwetu ni ndugu."

"Ndugu wa damu?"

Apolinaria alianza kuhesabu punje za rozari yake. Padri aliacha kucheka, hakuwa mjinga. Akasema polepole:

"Jumapili ijayo nitakuuliza tena, Bibi, mkono wako ukiwa juu ya Injili. Ukisema damu yao ni moja, ndoa haitafungwa. Mimi nitakuamini."

Hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko yote. Alitoka pale akiona njia mbili mbele yake. Aape uongo juu ya Kitabu, ama aseme kweli, na kweli yenyewe ni kwamba Duvali si ukoo, ni watoto wagonjwa walionunuliwa. Akishasema hivyo, wale wote wa Nzega na Sikonge na Ziba watageuka kuwa nini? Watarudi kuwa "wa misheni, hawana watu". Benedikta atakuwa amekufa mara ya pili, na ua mtupu.

Nyumbani alimkuta Josepha anageuza nta juani, macho yamevimba.

"Mke mwenzangu," alimwita, kama bibi amwitavyo mjukuu, lakini utani wenyewe ulikuwa mkavu siku hiyo. "Umekosa wanaume Tabora nzima? Askari wamejaa, makarani wamejaa, mpaka ukamtaka kaka yako?"

"Bibi, wewe mwenyewe ndiye uliyetuweka pamoja kwenye mizani."

"Nilikuweka upime nta, sikukuweka umpime yeye."

Josepha alitaka kucheka, akashindwa. "Bibi, wewe na Babu Alois, mama yenu alikuwa nani?"

"Anua nta hiyo, inapata vumbi."

"Mimi najua," Josepha alisema, bila kupaza sauti. "Niliambiwa shuleni, nikiwa darasa la kwanza. Yule msichana alisema bibi yako alinunuliwa kwa nguo. Nilimpiga, naye akaning'oa jino. Nikakwambia nimeanguka. Sikutaka kukuuliza, Bibi, kwa sababu niliona hupendi."

Apolinaria aliingia ndani akakaa juu ya kitanda chake na viatu vya kanisani bado miguuni. Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa ameubeba mzigo ule peke yake, kimya, kwa kumwogopa bibi yake.

Siku ya Jumanne Apolinaria alipeleka nta mjini, Gongoni, kwa shoga yake Swaumu, mke wa fundi viatu. Swaumu binti Abasi alikuwa mnene, mwenye sauti iliyotangulia mwili wake, na watu wake walikuwa Wamanyema walioletwa Tabora na Waarabu. Yeye na Apolinaria walijuana tangu wote wawili wana meno yote.

"Karibu, Mama Sylvester, mvunja harusi!" alipiga kelele kabla mgeni hajavuka kizingiti. "Nasikia umesimama mbele ya Mzungu ukamwambia Mungu wake anyamaze."

"Acha maneno yako. Pima nta."

"Nta itapimwa. Sasa niambie, utaapa?"

"Nani kakwambia habari ya kuapa?"

"Baraza la padri wenu halina kuta." Swaumu akamsogezea kigoda. "Utaapa kwamba wewe na Alois ni damu moja? Alois mweusi tii, mfupi kama kinu, na wewe mlingoti wa bendera?"

"Swaumu, wewe huelewi. Nikisema, tutachekwa."

"Na nani?" Swaumu aliweka mikono kiunoni. "Babu yangu alifungwa mnyororo, akaingia mji huu na pembe ya ndovu begani. Mwarabu wake alikufa, sisi tukabaki na nyumba. Naisema habari hiyo harusini, naisema msibani, naisema nikiwa na wageni. Nani ananiambia kitu? Harusini nakaa mbele, na biriani napakuliwa kwanza."

"Nyinyi ni wengi."

"Sisi tuna midomo! Tumesema mpaka watu wamechoka kusikia. Wewe umenyamaza, ndiyo maana kila anayetaka kukuumiza anajua pa kubonyeza. Shoga yangu, mji mzima unajua. Hata wale watani wanaokuja kwenye misiba yenu wanajua. Wanakuja kwa sababu chakula chenu ni kizuri na nyinyi ni watu. Hawaji kwa sababu ya Mfaransa."

Apolinaria alichukua kapu lake akaondoka bila kunywa kahawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lakini aliusahau mwamvuli wake pale, na Swaumu hakumkimbiza nao. Alijua shoga yake atarudi.

Alhamisi Alois alifika kutoka Sikonge, amepakiwa nyuma ya baiskeli ya Wenceslaus, vumbi la njia nzima limemgeuza mwekundu. Kijana hakuthubutu kuingia uani. Alibaki nje na baiskeli yake. Alois, kama kawaida, alipita moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua chungu, akachovya kidole, akalamba.

"Chumvi kidogo, dada."

"Ulijua?" Apolinaria alimwuliza.

"Nilijua."

"Ulipatana nasi siku ya matanga ya Benedikta."

"Nilipatana." Alois alikaa juu ya kinu kilicholala. "Kichwa kimenyolewa na moyo unawaka. Tuliogopa watoto wetu watakosa watu, dada. Hebu waangalie leo. Akifa Duvali pale Sikonge, vyungu vya kijiji kizima havitoshi kupikia. Tumeshakuwa wengi. Sasa kijana anamtaka binti, na mimi nashindwa hata kujua mahari niitoeje. Niitoe kwa mkono wa kulia niipokee kwa wa kushoto?"

Apolinaria alicheka kwa pua, kisha akakaza uso. "Padri anataka niape."

"Basi tutaapa."

"Tutaapa nani?"

"Wewe na mimi. Uamuzi ni wako, wewe ndiye mkubwa. Ukisema hawa ni damu moja, nitasimama kando yako na mkono wangu nitauweka juu ya wako."

"Utaapa uongo, Alois? Wewe unayekomunika kila Jumapili?"

Alois alitazama mikono yake. "Nilipoletwa misheni nilikuwa na ndui, nimetoka usaha mwili mzima. Hata wapagazi walinibwaga mlangoni wakakimbia. Wewe ulikuwa umetoka kitandani juzi tu, mtoto mdogo, ukanivua nguo ukaniosha. Leo nikuache peke yako mbele ya padri? Nitakuwa mtu gani?"

Chungu kilichemka wakakitazama. Apolinaria alielewa kwamba mzee huyu angeifunga roho yake kwa uongo, bila hata kuomba muda wa kufikiri, na kwamba yeye ndiye angekuwa amemfunga. Swali la padri kama wao ni ndugu lilikuwa limejibiwa pale jikoni, na wala halikuhitaji Kitabu.

"Unajua nikikubali tutakuwa nani, mimi na wewe?" alimwuliza.

"Tutakuwa nani?"

"Wakwe."

Alois hakuwa ameliwaza hilo. Mkwe haingii jikoni. Mkwe haketi mkeka mmoja na mkwewe, hafunui chungu, hatanii, akija anakohoa mlangoni na kungoja kiti.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe. Kula basi, ushibe. Chovya mkono wote, leo hakuna wa kukukataza."

Jumapili Padri Ambrosi alimwendea Apolinaria kabla ya misa, akamwambia kwa upole kwamba wanaweza kuzungumza barazani, wawili tu.

"Hapana, Padri," Apolinaria alijibu. "Nilisimama mbele ya watu. Nitajibu mbele ya watu."

Wakati wa matangazo ulipofika alikwenda mbele bila kuitwa, Alois akimfuata hatua moja nyuma. Padri alimshikia Injili. Apolinaria aliweka mkono juu yake, lakini uso aliwageuzia watu.

"Hawa vijana si damu moja," alisema. "Mimi nilitoka ng'ambo ya ziwa, kwenye michikichi. Jina la kwetu silijui, nilikuwa mdogo. Alois alitoka Ufipa. Benedikta, Mungu amrehemu, alitoka upande wa Uganda. Yule wa Nzega, ambaye leo hanijui, alichukuliwa hapa hapa karibu, Usumbwa, wakati wa vita. Wengine wawili walikuja pamoja kutoka kusini wameshikana mikono, na wa saba alikuwa mdogo mno hata hakuweza kusema alikotoka. Wote tulikuwa wagonjwa. Wazima waliuzwa pwani, sisi tukauzwa kwa mapadri kwa vitambaa, na mama mmoja wa Ufaransa ndiye aliyelipa, akatupa jina. Hiyo ndiyo kweli." Akainua kidevu. "Na sisi wagonjwa ndio tuliowazika wengi wa baba zenu, nyinyi mliokaa hapa. Mwenye la kusema aseme sasa, niko hapa hapa."

Apolinaria alitazama safu kwa safu, akitafuta kicheko ambacho alikuwa amekikimbia tangu siku ile ya Benedikta. Hakukiona. Wazee walimtazama kama wanavyomtazama mtu aliyetangaza kwamba jana kulinyesha mvua. Mama mmoja alikuwa anamnyonyesha mtoto. Jambo alilolifunga miaka yote ile lilikwisha kabla mshumaa wa altare haujadondosha tone. Kisha, kutoka upande wa wanaume, sauti ya mzee mmoja ikauliza kwa nguvu, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mabovu:

"Sasa mahari atapokea nani?"

Kanisa lote likaangua kicheko, na Padri Ambrosi akiwemo, Injili inamtetemeka mikononi.

"Mimi!" Apolinaria alimjibu kwa sauti ileile kubwa. "Nani mwingine?"

Wiki mbili baadaye ujumbe wa Sikonge ulifika. Mshenga wao alikuwa Masolwa, mzee wa Kisukuma anayejulikana kwa maneno matamu, amevaa koti jeusi juu ya msuli. Alois alikuja nao, lakini alibaki nje ya ua chini ya ukuta, kofia mkononi, amekaa juu ya kiti alichotolewa kama mgeni, na alikuwa anajitahidi kutotazama upande wa jikoni. Ndani, Apolinaria aliketi katikati ya mkeka, Sylvester kulia kwake, ameondolewa zamu ya reli kwa ajili ya siku hiyo. Kando aliketi Swaumu, ambaye hakualikwa kama shahidi lakini alikuja mapema akachukua mahali pazuri.

"Mwangaluka," Masolwa alisalimu, akapiga makofi kwa adabu. "Tumetoka mbali na tumeona moshi wa nyumba nzuri. Kabla hatujasema tulichokifuata, tuambiwe: tumefika kwa akina nani?"

Sylvester alifungua mdomo kujibu kama alivyojibu maisha yake yote. Mama yake akamshika goti.

"Akina Duvali umekuja nao, wamekaa pale nje," alisema Apolinaria. "Humu ndani ni kwa akina Apolinaria."

Swaumu alipiga kigelegele kabla ya wakati wake, akaambiwa anyamaze. Masolwa aliinama, akaurudia ukoo ule mpya kwa heshima zote, sauti ikatoka hadi nje ambako Alois aliusikia, akakubali kwa kichwa. Kisha mshenga akataja mahari waliyokuja nayo, na Apolinaria akaikataa, kama kila mwenye ukoo anavyoikataa ya kwanza.